Kabla ya Konea Kukatwa

Habari za upasuaji unaomwondolea mtu miwani zimekwisha vuka maji hadi visiwa vya delta ya Rufiji, wala si ajabu kijana wa Salale asiyeona mbali akautamani.

Hatuupingi. Konea, ule utando angavu ulio mbele ya mboni, ikipunguzwa upinde wake, vitu vya mbali huonekana. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa leza, na wengi huridhika. Lakini yafaa tukumbuke ilikotoka. Huko Japani Daktari Tsutomu Sato aliikata konea kwa ndani. Miaka mingi baadaye macho ya wagonjwa wake wengi yalivimba na kuingia ukungu. Katika miaka ya 1970 Svyatoslav Fyodorov wa Moscow alikata kwa nje, mithili ya spoki za baiskeli. Wamarekani waliwafuatia wagonjwa wa namna hiyo kwa miaka 10, na mwaka 1994 wakaeleza kwamba asilimia 43 ya macho yalikuwa yamegeuka, kwa dayopta 1 au zaidi, kuelekea kutoona karibu.

Leza nayo ina yake: macho kukauka, na usiku taa kuonekana zimezungukwa na duara la mwanga. Kwa karani wa mjini hiyo ni kero tu. Kwa nahodha wa Nyamisati anayetafuta mlango wa mto usiku, kati ya mikoko, maji yakipwa, ni jambo la roho za abiria.

Tena liko jambo ambalo aghalabu halisemwi. Asiyeona mbali kwa kiasi, hata akifika miaka 45, huvua miwani akashona wavu wake bila taabu. Akishapasuliwa, faida hiyo humtoka. Aliyeuza mtumbwi ili aachane na miwani atarudi kwenye miwani.

Na jicho lililopasuliwa hutaka matone, hutaka kukingwa na maji kwa majuma, hutaka kutazamwa tena. Ni mvuvi gani wa kamba atakayekaa mbali na maji ya chumvi muda huo? Nani atamlipia nauli ya boti kila aitwapo?

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa Wilaya ya Kibiti wapeleke kwanza wapima macho visiwani, pamoja na miwani ya bei nafuu, hasa mashuleni, ambako mtoto asiyeuona ubao hudhaniwa mzito wa akili. Naye atakayeamua kupasuliwa aulize unene wa konea yake, na ni nani atakayemtazama akisharudi kwao.