Uwanja Wenye Paa: Tueleze Kwanza, Tutafsiri Baadaye

Utangulizi

Makala haya yametokana na somo la tafsiri. Darasa letu hapa Bujumbura lilipewa habari fupi ya michezo kutoka Marekani: timu mbili za futiboli ya Kimarekani zilicheza chini ya kuba huku nje theluji ikianguka. Wanafunzi wakaleta tafsiri tatu: "uwanja wa ndani", "ukumbi wa mpira" na "uwanja wa kuba". Tulibishana karibu saa nzima. Mwishowe mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, hilo paa limeshikwa na nini?" Hakuna aliyeweza kujibu, nami nikiwa mmojawao. Tulikuwa tunagombania jina la kitu tusichokijua.

Uwanja ni nini?

Katika Kiswahili, uwanja ni mahali tambarare palipo wazi. Neno hili liko karibu na uwanda. Uwanja wa mpira, uwanja wa ndege na uwanja wa sherehe, vyote vinatupa picha ya anga juu ya kichwa. Ukumbi una kuta na paa. Kuba tunalijua kutokana na misikiti na makaburi ya watu mashuhuri. Kwa hiyo kusema "uwanja wenye kuba" ni kuunganisha picha mbili zinazopingana, na msomaji anahitaji msaada.

Afrika Mashariki tunayo majengo ya namna hii, ila kwa michezo midogo. Nairobi kuna ukumbi wa Kasarani wa mwaka 1987. Kigali kuna BK Arena, iliyofunguliwa mwaka 2019 kwa jina la Kigali Arena, yenye nafasi ya watu 10,000. Lakini kiwanja cha mpira wa kikapu kina urefu wa mita 28 na upana wa mita 15 tu. Kile cha futiboli ya Kimarekani kina mita 110 kwa 49 hivi, na kukizunguka wapo watazamaji zaidi ya 60,000. Kuezeka mahali kama hapo bila nguzo katikati ni kazi nyingine kabisa.

Somo kutoka Zone Industrielle

Wiki iliyofuata tulitembea hadi Zone Industrielle, kwenye maghala ambayo wengi mjini huyaita mahangari. Tuliingia katika ghala moja lenye paa pana la mabati, bila nguzo hata moja katikati, ili malori yaingie na kugeuka. Fundi mmoja akatuonyesha juu: kenchi za chuma, yaani fremu za pembetatu zinazobeba mabati na kupeleka uzito kwenye kuta. Akatuambia kwamba ukitaka ghala pana zaidi, kenchi nazo ziwe ndefu na nzito zaidi, mpaka zinafika mahali ambapo uzito wake zenyewe ndio taabu.

Hapo ndipo kuba linaposaidia. Chukua kibuyu kilichokatwa nusu ukifudikize mezani. Uzito wa juu unateremka pande zote hadi ukingoni. Ukingo nao unataka kutanuka, hivyo unafungwa kwa pete imara. Ndivyo lilivyojengwa Astrodome la Houston, lililofunguliwa mwaka 1965, kuba la chuma lenye kipenyo cha mita 196 hivi. Timu ya Houston, ambayo baadaye ilijiunga na ligi ya kulipwa ya NFL, ilianza kuchezea humo mwaka 1968. Superdome la New Orleans, la mwaka 1975, ni pana zaidi.

Paa linaloshikwa na hewa

Aina ya pili iliwashangaza wanafunzi wangu. Uwanja wa Silverdome huko Pontiac, Michigan (1975), na Metrodome huko Minneapolis (1982), ulikuwa na paa la kitambaa kigumu. Mashine zilisukuma hewa ndani bila kukoma, na hewa hiyo ndiyo iliyoliinua paa. Watu waliingia kwa milango ya kuzunguka ili hewa isitoroke.

Udhaifu wake tunaujua hata sisi tusiojua theluji. Nani hajaona turubai la harusi likijaa maji ya mvua, vijana wakilisukuma kwa miti? Maji yakikusanyika mahali pamoja, turubai linabonyea, na likibonyea linakusanya mengi zaidi. Alfajiri ya tarehe 12 Desemba 2010, theluji nzito ililichana paa la Metrodome likaanguka. Hakuna aliyeumia, na mechi ilihamishiwa Detroit. Uwanja huo ulibomolewa mwaka 2014, na leo hakuna timu ya NFL inayochezea chini ya paa la hewa.

Ukifunga nje, utafute badala yake

Paa huzuia mvua, lakini huzuia na jua. Paa la Astrodome lilikuwa na vioo vingi ili majani yaote. Wachezaji wa besiboli wakalalamika kwamba mng'ao unawazuia kuuona mpira, vioo vikapakwa rangi, na majani yakafa. Mwaka 1966 yakatandikwa majani ya bandia, ambayo mpaka leo yana jina la jengo hilo: AstroTurf.

Wajenzi wa baadaye wametafuta njia nyingine. Houston ilipata mwaka 2002 uwanja wa kwanza wa NFL wenye paa linalofunguka. Huko Arizona, tangu 2006, majani yameoteshwa katika sinia kubwa linalosukumwa nje kuota jua, kisha kurudishwa ndani siku ya mechi. Uwanja wa Minneapolis wa mwaka 2016 una sehemu kubwa ya paa inayopitisha nuru. Leo viwanja 10 kati ya 30 vya ligi hiyo vina paa la kudumu au la kufunguka.

Kwa nini jambo hili linatuhusu?

Mwaka 2005, kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans, maelfu ya watu walikimbilia Superdome. Upepo uliondoa sehemu ya ngozi ya paa na mvua ikapenya ndani. Baadaye wengi walihamishiwa Astrodome la Houston. Sasa fikirini: Marekani wako ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili, wakiwemo Warundi waliohamishiwa huko kutoka makambi ya Tanzania kuanzia mwaka 2007. Mkalimani akiwaambia siku ya tufani, "Nendeni uwanjani", mama mwenye watoto ataelewa nini? Ataelewa kwamba anaambiwa akasimame mvuani, na huenda akabaki nyumbani. Tafsiri ni sahihi katika kamusi, lakini inaweza kumwangamiza mtu.

Hitimisho

Napendekeza tuseme "jengo la michezo lenye paa" pale usalama unapohusika. Katika maandishi ya michezo tutofautishe: paa la kuba, paa la hewa, paa la kufunguka na paa la kupitisha nuru. Haya si maneno mapya, ila kila moja linasema kitu kinafanyaje kazi. Mwanafunzi anapotuuliza neno, nasi tumwulize kwanza: kimeshikwa na nini, kinazuia nini, na nani atakitumia?

Zoezi la darasani: Tembelea ghala, soko au kanisa lililo karibu nawe. Eleza kwa aya moja jinsi paa lake linavyobebwa, bila kutumia neno lolote la kigeni. Kisha mpe mwenzako aisome na achore alichoelewa.