Bluetooth Kwenye Redio Kuukuu: Sauti Iingilie Wapi?

Toyota ilianza kuuza Probox mwaka 2002. Kanuni inayoiwezesha simu kurusha muziki wa stereo kwa Bluetooth, iitwayo A2DP, ilitoka 2003. Basi Probox za mwanzo, zinazopanda milima ya Litein leo zikiwa na abiria mbele na mitungi ya maziwa nyuma, ziliundwa kabla simu haijajifunza kuzungumza na redio. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingizwa nchini, lakini likishaingia haliulizwi tena umri. Huuzwa Nairobi, likauzwa tena Nakuru, na hatimaye likafika Bomet injini ikiwa nzima na redio ikiwa ile ile ya Japani.

Mwenye gari akienda kwa fundi huuliza namna ya kuweka Bluetooth. Ningependa aulize kwanza: sauti itaingilia mlango gani? Kipokezi cha Bluetooth ni kidude kidogo cha bei nafuu. Hupokea data ya simu kwa mawimbi ya gigahezi 2.4 na kuigeuza kuwa sauti ya umeme, na hata cha bei ya chini huifanya kazi hiyo vizuri. Mikwaruzo na mivumo inayowakera watu huzaliwa baadaye, katika ile safari fupi kutoka kwenye kipokezi hadi ndani ya redio.

Njia iliyoenea ni modyuleta ya FM, inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari. Hupokea muziki kwa Bluetooth, kisha huurusha upya kama kituo kidogo cha redio. Hapa ndipo magari yetu ya Japani yanapoleta utata. Modyuleta nyingi hurusha kati ya megahezi 87.5 na 108, kama vituo vya Kenya. Redio za Japani ziliundwa kupokea 76 hadi 90. Ni kuanzia 2014 tu, baada ya televisheni ya analogi kuzimwa, ndipo nchi hiyo ilipoanza kutumia 90 hadi 95 kwa redio. Kwa redio ya zamani, mahali pa kukutana ni 87.5 hadi 90, megahezi mbili na nusu, na vituo vya kweli vimo humo humo. Kass FM, kwa mfano, husikika Nairobi kwenye 89.1.

Wengi wamefungiwa ekspanda, kidude kinachokaa kwenye waya wa antena nyuma ya redio na kushusha mawimbi yote kwa kiasi kimoja. Tuseme kinashusha megahezi 14: kituo cha 102 utakipata kwenye 88. Modyuleta nayo hupitia antena hiyo hiyo. Ukiiweka 98.7, redio itaikuta kwenye 84.7, na ukihangaika kuitafuta penye 98.7 utairudisha dukani bure ilhali ni nzima. Kujua ekspanda yako inashusha kiasi gani ni rahisi. Tafuta kituo unachokifahamu, kisha kutoka kwenye namba yake halisi toa namba inayoonekana kwenye redio.

Halafu kuna milima. FM husafiri kwa kunyooka, kwa hiyo gari likiwa bondeni vituo vya mbali hufichwa, na likifika kileleni huitazama minara moja kwa moja. Redio ya FM ikipokea mawimbi mawili kwenye namba moja hushika lile lenye nguvu na kulizima jingine. Namba iliyokuwa tupu ukitoka Kericho mjini inaweza kuvamiwa na mhubiri kabla hujafika Sotik. Modyuleta haina nguvu ya kushindana, hasa antena ya gari ikiwa nje juu ya paa na modyuleta imefungiwa ndani ya bodi la chuma. Kwa anayezunguka mjini inatosha. Kwa dereva anayekwenda na kurudi Bomet kila siku, mimi siipendekezi.

Gari lenye sehemu ya kaseti lina bahati ambayo watu huidharau. Kaseti ya adapta ina kichwa kidogo cha sumaku kinachotazamana na kile cha redio, na sauti huvuka hapo bila kupitia hewani wala kugombana na kituo chochote. Safisha kichwa cha redio kwa spiriti na pamba kwanza, kwa kuwa vumbi la miaka hufifisha sauti nyembamba. Watu wa huku Kericho na Bomet wamezoea kupokea sauti za mbali kupitia mashine yoyote iliyowafikia. Mwaka 1950, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi pale Kapkatet wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyewafikia kwa santuri.

Lililo bora zaidi ni tundu la AUX. Chungulia usoni mwa redio, ndani ya kisanduku cha glavu, na kati ya viti kabla ya kutoa pesa. Likiwepo, kipokezi kidogo chenye waya wa milimita 3.5 kimemaliza kazi. Chunguza pia kama gari lina skrini ya ramani ya Toyota iliyogoma na kudai kadi ya SD kwa Kijapani. Nyingi kati ya skrini hizo zina Bluetooth tayari, ila zilijifunga betri ilipotolewa au kadi ilipopotea, na wapo mafundi wanaozifungua kwa kadi na msimbo.

Pasipo tundu, fundi hodari anaweza kulehemu bodi ya Bluetooth ndani ya redio. Mwambie aingize sauti kabla ya kidhibiti cha sauti, ili kitufe cha kuongeza na kupunguza kiendelee kutii. Baada ya hapo huenda ukasikia mlio mwembamba unaopanda kila unapokanyaga mafuta. Huo hutoka kwa altaneta: kipokezi na redio vimepata erthi kwa njia mbili, na umeme unazunguka kati yake. Jaribu kukiendesha kipokezi kwa betri yake pekee, kama ya simu. Mlio ukipotea, dawa ni kitransfoma kidogo cha kutenganisha kwenye waya wa sauti. Hakuna haja ya kununua redio nyingine.

Ukiamua kubadilisha redio nzima, usikubali soketi ya kiwandani ikatwe. Waya za kuunganisha za Toyota zinauzwa tayari, na soketi ikishakatwa kila fundi atakayefuata atakisia. Kwenye redio nyingi za dukani, waya wa njano ni umeme wa kudumu, mwekundu ni wa ufunguo, mweusi ni erthi. Njano na mwekundu zikibadilishana mahali, redio husahau vituo kila unapozima gari; zote mbili zikiungwa kwenye umeme wa kudumu, unaweza kuamka betri imekwisha.

Malori yanayobeba majani mabichi ya chai kwenda viwandani yana sharti lake. Mengi hutumia volti 24, betri mbili za 12 zikiunganishwa mfuatano. Modyuleta nyingi zimeandikwa 12 hadi 24 na hustahimili, lakini bodi ya volti 12 itaungua mara moja. Baadhi ya mafundi huchukua umeme kutoka betri moja tu ili wapate 12. Redio italia vizuri, lakini betri hiyo itakuwa ikitumika zaidi ya mwenzake huku zote zikichajiwa sawasawa, na zote mbili zitakufa mapema. Funga kifaa cha kushusha volti, chenye fyuzi yake, karibu na redio.