Kusoma Geji ya Presha: Baa, Paundi na Kilo

Leo tunazungumza na wenzetu wa Busunzu, na wote wa vilima vya Kibondo na Kasulu wanaotaka kuteremsha maji ya chemchemi kwa bomba mpaka bustanini. Kwenye kilima presha unapewa bure. Lakini presha hiyo hiyo ndiyo inayopasua mabomba, na mara nyingi kosa huanzia dukani, kwa kutosoma namba vizuri.

Presha, ambayo shuleni huitwa kanieneo, ni nguvu inayosukuma juu ya eneo fulani. Taabu ni kwamba kila nchi iliyotengeneza vyombo ilikuja na kipimo chake. Waingereza walituachia paundi kwa inchi ya mraba; kwenye geji utaona herufi psi. Vyombo vingine vimeandikwa kilo kwa sentimita ya mraba. Vingine vina bar, tuite baa, wala siyo ile ya pombe! Halafu kuna paskali, jina lililokubaliwa kimataifa mwaka 1971. Kwenye geji huandikwa kPa, yaani paskali elfu moja moja.

Shika hivi: baa 1 ni kPa 100, na ni paundi 14 na nusu. Kilo 1 kwa sentimita ya mraba ni karibu sawa na baa 1, imepungua kidogo tu. Kwa kazi za shamba zihesabu kuwa sawa. Kutoka baa kwenda paundi, zidisha kwa 14.5. Kutoka paundi kwenda baa, gawa kwa 14.5. Basi, kama karatasi ya bomba la kunyunyizia dawa inasema baa 2, na geji yako ni ya paundi, mshale usimame kwenye 29.

Usidharau jambo hili. Mtu ameambiwa, "Jaza gurudumu la toroli thelathini." Thelathini hiyo ni paundi, yaani baa 2 hivi. Yeye ana geji ya baa, anangoja mshale ufike 30. Haufiki, gurudumu litapasuka kwanza, naye ameliinamia.

Sasa turudi kwenye maji. Kila mita 10 za kimo huleta karibu baa 1. Ni kimo, siyo urefu wa bomba, wala unene wake. Tuseme chemchemi iko mita 75 juu ya bustani. Gawa kwa 10: baa 7 na nusu. Ukipiga hesabu kamili utapata kama baa 7.4, yaani paundi 107. Hapo utaona bomba lililoandikwa PN 6 halifai, maana limetengenezwa kwa baa 6.

Utasema, "Mbona jirani yangu analo na mchana kutwa linatoa maji?" Mchana koki ziko wazi, maji yanakwenda, na msuguano ndani ya bomba unapunguza presha. Usiku koki zote zikifungwa, uzito wote wa maji hukaa chini. Ndiyo maana watu huamka asubuhi na kukuta tope.

Njia ni mbili. Nunua bomba la PN 10 kwa sehemu ya chini, au jenga tangi dogo lililo wazi katikati ya mteremko. Maji yakifika kwenye tangi hilo, presha inaanza upya kutoka sifuri. Ukiliweka mita 40 chini ya chemchemi, juu utakuwa na baa 4 na chini baa 3 na nusu, na PN 6 itatosha. Lakini tangi liwe na boya la kufunga maji au njia ya kumwaga, la sivyo litafurika.

Kimo usikikisie kwa macho, kilima hudanganya. Chukua mpira mwangavu wenye maji, ule wanaotumia waashi kupata usawa, na fito mbili zenye alama. Teremka hatua kwa hatua ukiandika kila tofauti, kisha jumlisha. Karatasi hiyo ndiyo uende nayo dukani Kasulu au Kibondo.