Gharama ya Mfuko wa Bure

Tangu tarehe 1 Juni 2019, ilipoharimishwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa katika Tanzania Bara, aghalabu watu wakiizungumza sheria hii huuliza kama imefaulu au imeshindwa. Mwenye kupita katika masoko ya Ngamiani na Mgandini mjini Tanga aweza kutoa jibu lolote apendalo, kwani rambo lenye mikono miwili limeondoka mezani kwa wachuuzi, ilhali mfuko mwembamba mweupe usio na mikono ungali ukifungiwa dagaa, nyanya na sukari. Swali lenye manufaa zaidi, kwa mtu wa tijara na kwa mnunuzi, ni jingine: gharama ya kufungia bidhaa, ambayo hapana sheria iwezayo kuifuta, imetoka kwa nani ikaenda kwa nani?

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, wakajua bila ya kusema kwamba mwenye mzigo hupata hasara. Rambo la bure lilikuwa pakacha la namna hiyo. Muuzaji alilinunua kwa bei hafifu, akaificha bei hiyo ndani ya thamani ya bidhaa. Mnunuzi alilitumia kwa mwendo wa kutoka sokoni hadi nyumbani, kisha akalitupa. Na hasara ikawafikia watu wasiokuwapo wakati wa kuuziana: halmashauri yenye kuzibua mitaro, mvuvi mwenye kukuta plastiki wavuni badala ya samaki, na mikoko ambayo mizizi yake hunasa kila kiletwacho na mvua za masika. Katika pwani hii, ambayo tangu mwaka 2009 ina Hifadhi ya Bahari ya Silikanti kwa ajili ya samaki wa kale aishiye vilindini, hasara hiyo si ndogo, maadamu plastiki haiozi bali humeguka chembe baada ya chembe.

Sheria ilipokuja ilipanga adhabu kwa daraja. Mtengenezaji au mwingizaji wa mifuko hiyo aweza kutozwa faini kuanzia shilingi milioni 20 hadi bilioni 1. Muuzaji, kuanzia shilingi 100,000 hadi 500,000. Na aliyekutwa nayo mkononi, kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba. Lakini haikukataza plastiki yote. Vifungashio vya matibabu, vya viwanda, vya ujenzi, vya kilimo na vya usindikaji wa chakula vilisamehewa, na ndiyo maana maziwa ya pakiti yangali dukani na viriba vya miche vingali katika vitalu vya Lushoto. Katika msamaha huo ndimo ulimopenya ule mfuko mweupe: uliruhusiwa kufungia, ukageuzwa wa kubebea, hata mwaka 2021 serikali ikalazimika kuufuatia kwa katazo jingine.

Taklifu ya mabadiliko haya haikuwaangukia watu kwa usawa. Tuchukue, mathalani, mfuko mbadala wa shilingi 200. Anayenunua vitu vya shilingi 20,000 katika duka kubwa huongeza sehemu moja katika mia, na mwenye duka, aliyekuwa akiutoa mfuko bure, sasa anaufanya bidhaa yenye faida yake. Anayenunua fungu la nyanya la shilingi 500 huongeza sehemu mbili katika tano. Hapana mtu atakayekubali, kwa hiyo ama mchuuzi ajitolee mfuko na kula hasara, ama atafute ule mwembamba uliokatazwa. Na wanunuao kidogo kidogo, robo ya sukari leo na robo kesho, ni wale ambao kipato chao huja kwa siku. Ndio wanaohitaji vifungashio vingi kwa kila kilo, na ndio wasio na nafasi ya kuvilipia.

Fauka ya hayo, mbadala uliotamalaki ni plastiki vilevile. Mfuko laini ufananao na kitambaa umetengenezwa kwa polipropilini, na ndiyo sababu ulitakiwa kuwa na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, ili udumu. Uchunguzi wa Wakala wa Mazingira wa Uingereza, uliotolewa mwaka 2011, ulikadiria kwamba kwa upande wa hewa zinazoongeza joto la dunia, mfuko wa namna hiyo sharti utumike mara 11 ndipo ulingane na mfuko mwembamba uliotumika mara moja. Wa karatasi mara 3. Wa pamba mara 131. Uchunguzi huo haukukusudia takataka za baharini, lakini funzo lake halikwepeki: mfuko mzito utupwao baada ya siku moja ni israfu kubwa kuliko rambo.

Wako wanaotumaini kwamba katazo hili litaurudishia mkonge heshima yake. Zao hilo, lililoletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, lilifikia tani 230,000 hivi kwa mwaka katika 1964, kisha nyuzi za viwandani zikawa miongoni mwa sababu za kuangusha soko lake. Matumaini hayo yana udhaifu mmoja: mkonge ulishindwa katika kamba na magunia, na gunia la salfeti, la nyuzi hizo hizo, libebalo machungwa ya Muheza halimo katika katazo. Kilichofunguliwa ni soko la kapu la mkononi, na hapo mrithi wa haki ni ukili, unaosukwa na akina mama wa pwani; lakini kapu la ukili ni kazi ya mikono isiyoweza kugawiwa bure. Faida yake ni kwa anayelichukua kutoka nyumbani kila aendapo sokoni, na kwa mchuuzi ambaye basi hana haja ya kununua mfuko wa mtu mwingine.

Lililobaki ni uadilifu wa kusimamia. Mkono ulio rahisi kukamatwa ni wa mwisho, wa muuza mchicha na mteja wake. Ulio mgumu ni wa kiwandani na wa bandarini. Ikiwa ukaguzi utaanzia mezani kwa mchuuzi, sheria itakusanya faini ndogo za maskini na mifuko itaendelea kuja. Ukianzia pale penye faini ya milioni 20, mchuuzi hatakuwa na mfuko haramu wa kununua, wala sababu ya kuuficha.