Mtoto anayetunga nyimbo: tumnyamazishe au tumsikilize?



Juma lililopita tulikuwa tumekaa pamoja hapa Kibabi, tunapukuchua maharagwe ya kikundi, watoto wakiwa kando yetu. Msichana mmoja wa miaka kama 11 akaanza kuimba. Haukuwa wimbo wa kanisa, wala wa masomo. Ulikuwa wake mwenyewe. Aliimba juu ya baba aliyeingia katika shimo la koltani asirudi, na juu ya mama ambaye mpaka leo anapika bugali ya watu watano, na waliobaki ni wanne. Mama yake akamkatiza: "Nyamaza wewe! Watu watasema nini?" Mtoto akanyamaza, akaendelea kupukuchua. Na sisi wote tukanyamaza.

Njiani kurudi nyumbani tulibishana. Wengine walisema mama ana haki: huzuni ya nyumba haitolewi nje, na siku hizi za vita neno moja linaweza kuleta matatizo. Wengine walisema mtoto hakutukana mtu, alisema tu kile anachokiona kila jioni mezani. Ndiyo maana juma hili tumeamua kuandika juu ya watunzi: wanatoka wapi, na nyumba waliyokulia inaweka nini ndani ya maneno yao.

Mtoto aliyeimba ndani ya ngoma

Hatuna haja ya kuanzia mbali. Hapa jirani, Walikale, Wanyanga wana hadithi ndefu ya Mwindo, ambayo sehemu zake husimuliwa na sehemu zingine huimbwa. Mwaka 1956 msimulizi mmoja wa Kinyanga, Shé-Kárisi Rureke, aliisimulia kwa siku 12, na watu wa kijiji wakiitikia. Daniel Biebuyck, mtafiti kutoka Ubelgiji, alikuwa pale na watu wa kuandika. Kitabu kilitoka mwaka 1969, Biebuyck akisaidiwa na Kahombo Mateene, ambaye mwenyewe ni Mnyanga. Leo kinasomwa katika vyuo vikuu vya nchi za mbali, wakati watoto wetu wengi hawajasikia hata jina la Mwindo.

Sikilizeni hadithi hiyo inaanzia wapi: inaanzia katika shida ya nyumba. Chifu Shemwindo aliwaambia wake zake wazae wasichana tu. Mwindo akazaliwa mvulana. Baba yake alitaka kumuua, mwishowe akaagiza afungiwe ndani ya ngoma na kutupwa mtoni. Na mtoto huyo, ndani ya ngoma, chini ya maji, akaimba. Aliimba juu ya ubaya wa baba yake, na kwamba anakwenda kwa shangazi yake, Iyangura.

Shangazi alimpokea. Baadaye Mwindo alipotelemka chini ya ardhi kumtafuta baba yake, Iyangura alibaki juu ameshika ncha ya kamba. Kamba ikitikisika, anajua mtoto yuko hai. Mwisho wa hadithi si kisasi: baba na mtoto wanapatana.

Na hadithi yenyewe haikufundishwa darasani. Kijana aliijifunza kwa kumfuata msimulizi mkubwa, mara nyingi mtu wa jamaa yake, akimsaidia kuimba na kupiga, mwaka baada ya mwaka, mpaka maneno yakakaa ndani yake.

Mama aliyemtungia binti yake

Kwenye pwani ya Kenya, katika visiwa vya Lamu na Pate, kulikuwa na mama aitwaye Mwana Kupona binti Msham. Mume wake, Bwana Mataka, alikuwa mkubwa wa mji wa Siyu, na kwa miaka mingi alipingana na sultani wa Zanzibar. Yaani nyumba hiyo ilijua vita, kama zetu. Mume alikufa mwaka 1856. Miaka kama miwili baadaye, Mwana Kupona akiwa mgonjwa na akiona siku zake ni chache, alimtungia binti yake Mwana Hashima shairi refu la mawaidha: namna ya kumheshimu Mungu, ya kuishi na watu, ya kukaa katika ndoa. Alifariki miaka michache baadaye.

Si kila shauri lake wanawake wa leo watalikubali, hasa yale ya kumtii mume. Lakini fikirini: mama mjane, mgonjwa, hakuwaza kwamba anaandika kwa ajili ya vitabu. Alikuwa anaongea na mtoto wake. Maneno hayo yamevuka zaidi ya miaka 160, na jina la binti yake bado tunalitaja. Katika karne iliyofuata, Shaaban Robert wa Tanga naye alimtungia binti yake Mwanjaa Utenzi wa Hati. Mzazi anayeogopa kumwacha mtoto bila shauri ni mtunzi tayari.

Binti wa mfinyanzi

Labda mama mmoja atasema: hao walikuwa watu wa nyumba kubwa, sisi ni maskini. Basi tumwangalie Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, katika siku za utumwa, na jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Jamaa yake walikuwa wafinyanzi. Hakwenda shule. Alitembeza vyungu kichwani na kuviuza kwa kuimba, na watu husema ni huko barabarani sauti yake ilikopata nguvu. Mwaka 1928 alifika Bombay, India, kurekodi nyimbo zake kwenye sahani za santuri, kwa Kiswahili.

Aliimba juu ya nini? Juu ya yale ambayo mwanamke maskini anayaona: mwanaume anayedanganya, tajiri anayeonea, hakimu asiyetenda haki. Wimbo wake Kijiti unahusu mwanamke aliyeuawa. Mtu aliyekulia katika nyumba ya kuheshimiwa angeweza kupita bila kuona mambo hayo. Siti aliyaona kwa sababu alikulia chini, mahali yanapoangukia.

Sisi tunaona nini hapa?

Tuseme wazi: mateso hayamfanyi mtu kuwa mtunzi. Kama yangekuwa hivyo, Masisi nzima ingekuwa ya watunzi. Watoto wawili wa tumbo moja wanaona vita ileile, wanakimbia usiku uleule. Mmoja anatunga, mwingine hapana. Na hakuna mama anayetaka mtoto wake aumie ili apate wimbo mzuri.

Nyumba inampa mtoto vitu viwili. Kwanza inampa mambo ya kusema: jiko, shamba, ugomvi, kicheko, kaburi. Pili inampa lugha ya kuyasema: bembelezo za mama, mafumbo ya bibi, methali za babu, hadithi za jioni. Cha kwanza watoto wetu wanacho kupita kiasi. Cha pili kinapungua. Tukikimbia tunabeba godoro na sufuria, lakini jioni za hadithi zinabaki nyuma. Katika kambi, bibi yuko upande mmoja na wajukuu upande mwingine, na Kihunde, Kinyanga na Kinyarwanda cha wazee vinasikika kidogo zaidi kila mwaka.

Kuna kitu cha tatu, nacho ni cha bure: mtu wa kushika kamba. Mwindo alikuwa na Iyangura. Mwana Hashima alikuwa na mama yake. Mtoto anayeimba uchungu wake anatikisa kamba ili ajue kama kuna mtu upande wa pili. Tukimwambia "nyamaza", tumeachilia.

Mama ambaye mtoto wake aliimba ni mwenzetu, na hatumlaumu. Yeye pia hajapata mahali pa kulia. Tulikwenda kumsalimia, tukakaa naye. Kabla hatujaondoka alimwita binti yake na kumwambia: "Uimbe tena ule wimbo, lakini polepole, niusikie." Mtoto aliimba. Mama alilia, halafu akamsahihisha: "Baba yako hakuvaa kofia nyekundu. Ilikuwa ya bluu."

Kazi ya juma hili

Tunaomba kila kikundi kifanye haya:

1. Jioni moja, chagueni bibi au shangazi mmoja awasimulie watoto hadithi moja kwa lugha yake mwenyewe.

2. Mtoto anayejua kuandika aandike bembelezo moja ya nyumbani katika kaye yake, pamoja na jina la aliyemwimbia.

3. Mtoto akitunga wimbo, tumsikilize mpaka mwisho kabla ya kusema neno. Kama kuna jina linaloweza kuleta hatari, tumfundishe kuliondoa au kulifumba, kama wazee walivyofanya kwa mafumbo. Wimbo wenyewe tumwachie.

Mkutano ujao, tuje na kaye hizo. Maharagwe bado ni mengi, tutasikiliza huku tukipukuchua.