Nafasi ya Kiswahili katika Mpango wa Masomo ya Biashara ya Kimataifa

Makala haya yanakusudia kueleza ni wapi Kiswahili kinapaswa kuwekwa katika mpango wa masomo ya lisansi ya biashara ya kimataifa, hasa kwa wanafunzi wa Kisangani. Swali hili limepata uzito mpya tangu tarehe 8 Aprili 2022, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipotia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Tuchukue mfano wa shehena inayotoka bandari ya Mombasa. Hupita Kenya na Uganda, huingia nchini kwetu kupitia Kasindi, kisha hufuata barabara hadi Kisangani. Hati zake ni za Kiingereza hadi mpakani. Kwetu ni za Kifaransa. Lakini Kiswahili ndicho kinachowaunganisha madereva, mawakala na wachuuzi. Sheria nazo hubadilika: tangu mwaka 2012 Kongo hufuata sheria za biashara za OHADA, ilhali zile za Kenya na Uganda zina asili ya Kiingereza.

Kiswahili chenyewe si kimoja. Mfanyabiashara wa Kisangani husema *duane*, neno litokalo Kifaransa. Mwenzake wa Mombasa husema *forodha*, neno lenye asili ya Kiarabu. Yote mawili ni ya mkopo, wala hakuna lililo bora. Hatari humpata mhitimu asiyejua istilahi za upande wa pili: aweza kutia saini akidhani bima ni juu ya muuzaji, kumbe ni juu yake.

Katika mfumo wa LMD, lisansi ina mihula 6 na krediti 180. Ni rahisi kuiweka lugha mwaka wa kwanza na kuisahau. Sisi twapendekeza utaratibu ufuatao. Katika mihula 2 ya kwanza, sarufi ya Kiswahili sanifu ifundishwe pamoja na uhasibu na uchumi. Katika mihula 2 ya kati, istilahi ziende sambamba na masomo ya forodha na sheria. Katika mihula 2 ya mwisho, mwanafunzi aandike mkataba kwa Kifaransa, kisha aufafanue kwa Kiswahili mbele ya mwalimu wa sheria na mwalimu wa lugha. Asiyeweza kuufafanua hajauelewa.

Mpango huu hauhitaji krediti zaidi. Unahitaji walimu wa vitivo viwili kuketi pamoja kabla ratiba haijatangazwa.