Sura ya 6: Kutoka Ruashi au Katuba, Uwanja Upi na Treni Ipi

Mkazi wa Ruashi na mkazi wa Katuba wanaweza kununua tiketi za ndege moja, kwa bei moja, na safari zao zisifanane hata kidogo. Uwanja wa Luano uko kaskazini-mashariki mwa Lubumbashi. Anayetoka Ruashi anaufikia bila kupita katikati ya jiji. Anayetoka Katuba, kusini, hana budi apande taksi-basi hadi mjini, avuke upande wa pili wa reli, atafute gari jingine, ndipo aanze kuelekea Luano. Na ndege ikiwa ya alfajiri, taksi-basi bado hazijaanza kujaza watu, kwa hiyo itambidi akodi taksi, au apatane na manseba, ambaye pikipiki yake haibebi masanduku mawili na mtoto.

Umbali huo haukutokea wenyewe. Reli iliyopanda kutoka Rhodesia ilifika Sakania mwishoni mwa 1909, na mwaka uliofuata ikafika mahali ambapo Wabelgiji walikuwa wanaanzisha Élisabethville. Mji wa Wazungu ulijengwa karibu na stesheni, na makazi ya Waafrika yakatengwa nao kwa ukanda wa ardhi ulioachwa wazi kwa makusudi. Kamalondo, Kenya na Katuba zilikua ng'ambo ya ukanda huo. Leo utengano ule haupo kisheria, lakini nauli ya magari mawili badala ya moja bado inalipwa, na wanaoilipa ni wajukuu wa waliotengwa. Anayepanga usafiri wa jiji hili bila kulitazama hilo atapanga vibaya.

Tuseme basi hivi: uwanja unaokufaa au treni inayokufaa ni ile yenye gharama ndogo kuanzia mlango wa nyumba yako hadi mlango unakokwenda. Gharama hiyo ina sehemu tatu. Ya kwanza ni pesa zote, siyo tiketi peke yake. Ya pili ni saa zote, pamoja na zile za kusubiri. Ya tatu ndiyo watu huisahau: uwezekano wa kipande kimoja cha safari kuharibika, na nani atabeba hasara kikiharibika.

Kuhusu pesa, angalia ada zinazolipwa nje ya tiketi. Tangu 2009 anayeondoka katika viwanja vya Kongo hulipa Go-Pass, ada iliyowekwa kwa ajili ya kuendeleza viwanja vinavyosimamiwa na RVA, shirika la serikali la viwanja vya ndege. Ilipoanza ilikuwa dola 50 kwa safari ya nje na dola 10 kwa safari ya ndani. Familia ya watu watano inayokwenda nje ilihitaji dola 250 kabla ya kuiona ndege. Si ajabu kwamba watu walianza kuhesabu upya kama ni lazima waondokee Luano.

Kuhusu saa, wengi huhesabu muda wa kuruka na kusahau idadi ya safari kwa wiki. Ndege ikiondoka kila siku, pengo kati ya saa uliyoitaka na saa uliyoipata ni nusu siku kwa wastani. Ikiondoka mara mbili kwa wiki, kwa nafasi sawa, pengo kati ya safari na safari ni siku tatu na nusu, na wastani wa kusubiri unakaribia siku mbili. Siku mbili hizo ni chakula, ni malazi, ni kazi isiyofanyika. Kwa mfanyabiashara anayefuata mzigo wake, tiketi ya bei nafuu yenye safari mbili kwa wiki inaweza kuwa ghali kuliko tiketi ya bei kubwa ya kila siku. Kwa bibi anayekwenda kumwona mjukuu, na ambaye hana haraka ya tarehe, hesabu inageuka.

Jambo jingine la saa, dogo lakini limewahi kuwaharibia wengi mipango: Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa ingawa nchi ni moja. Lubumbashi na Zambia zinatumia saa sawa, na Nairobi, Dar es Salaam na Addis Ababa ziko saa moja mbele yetu. Tiketi huandikwa kwa saa ya mahali husika. Ndege inayotoka Kinshasa kuja Lubumbashi na kuruka kama saa mbili itaonekana kwenye tiketi kama imeruka tatu. Anayeunganisha ndege Kinshasa ahesabu kwa saa za huko.

Sasa tuje kwa uwanja ambao wengine huutumia badala ya Luano: Ndola. Mji huu wa Zambia uko zaidi ya kilomita 200 kutoka Lubumbashi kwa barabara: kama kilomita 90 hadi mpaka wa Kasumbalesa, kisha Chililabombwe, Chingola, Kitwe. Uwanja wake mpya, Simon Mwansa Kapwepwe, ulifunguliwa mwaka 2021, nao uko nje ya mji upande wa Kitwe, yaani unaufikia kabla ya kuingia Ndola yenyewe. Kupitia Ndola si jambo geni kwa Katanga. Septemba 1961 Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, alivuka kwenda huko kukutana na Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ambaye ndege yake ilianguka karibu na mji usiku ule kabla hawajaonana.

Viwanja hivi viwili, Luano na Ndola, vinagombea abiria wale wale. Kampuni zinazounganisha ukanda huu na Addis Ababa, Nairobi na Johannesburg zimekuwa zikitazama Ukanda wa Shaba wa Zambia na Haut-Katanga kama soko moja la migodi. Air Tanzania ilipoanza kuja Lubumbashi ilipitia Ndola. Kwa mtu anayekwenda Dar es Salaam kwa njia kama hiyo, swali si tena ndege ipi bali apandie wapi ndege ile ile. Kwa anayekwenda Kinshasa, Ndola haina maana yoyote. Ndege za ndani zinaondokea Luano. Na mkazi wa Likasi, aliye kama kilomita 120 kaskazini-magharibi, ana swali lake, maana kwake uwanja wa Kolwezi nao unaingia kwenye hesabu.

Nani basi anafaidika na Ndola? Ni mkazi wa vitongoji vya kusini, ambaye barabara ya Kasumbalesa iko upande wake na Luano iko ng'ambo ya jiji, anayekwenda nje, mwenye mzigo mwepesi, na mwenye siku moja ya ziada. Mkazi wa Ruashi anaondoka nyumbani akiwa karibu na Luano, kwa hiyo bei ya Ndola lazima ishuke sana ndipo imfae. Wote wawili wakaulize kwanza konsoleti ya Zambia, iliyo hapa hapa Lubumbashi, masharti ya kuingia kwa pasipoti waliyo nayo, na wawe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kwenye mizani ya pesa, viza na magari ya kubadilisha mpakani vinaweza kumeza akiba yote ya tiketi.

Kinachoamua zaidi, kwa maoni yangu, ni mpaka wenyewe. Kasumbalesa ni mlango wa shaba na kobalti kwenda bandari za kusini na mashariki, na mlango wa mahindi, mafuta na bidhaa zinazoingia. Malori hujipanga kwa kilomita kadhaa, na gari dogo la abiria hukwama nyuma yao ingawa abiria wenyewe wangeweza kuvuka kwa miguu kwa muda mfupi. Agosti 2024, katika mvutano wa biashara ya vinywaji baridi na bia, Zambia ilifunga mipaka yake na Kongo katika eneo hili kwa siku chache. Aliyekuwa na ndege ya Ndola kesho yake alikuwa na tiketi halali na hakuwa na njia.

Hapo ndipo ile sehemu ya tatu ya gharama inapoonekana. Kila safari ina kipande chenye saa isiyobadilika, ambacho mara nyingi ni ndege, na kipande kisicho na uhakika. Weka kipande kisicho na uhakika mwanzoni, kisha acha nafasi kubwa kabla ya kile chenye saa. Anayekwenda Ndola avuke Kasumbalesa siku moja kabla na alale Chingola au Kitwe. Gharama ya kulala iingie kwenye hesabu tangu mwanzo. Ikiwa baada ya kuiingiza Ndola bado ni nafuu, nenda. Kumbuka pia kwamba kampuni ya ndege haitakurudishia chochote kwa sababu basi limekwama mpakani. Ni vivyo hivyo kwa anayenunua tiketi mbili tofauti, moja ya Lubumbashi hadi Kinshasa na nyingine ya Kinshasa hadi Ulaya: ya kwanza ikichelewa, hasara ya pili ni yake. Tiketi moja kwa safari nzima mara nyingi ni ghali zaidi, lakini hapo mwenye ndege ndiye anayebeba kuchelewa kwa ndege ya kwanza.

Na treni? Lubumbashi ni makao makuu ya SNCC, shirika la reli la Kongo, na njia zake zinafika mbali: Likasi, Tenke, Kamina, na kutoka Kamina tawi moja kwenda Mwene-Ditu, Kananga na Ilebo, jingine kwenda Kabalo, na kutoka hapo Kindu au Kalemie. Reli ilifika Ilebo, wakati huo Port-Francqui, mwaka 1928. Kipande cha Likasi hadi Tenke kilianza kutumia umeme mapema miaka ya 1950, wakati sehemu kubwa ya Afrika haikuwa na treni ya umeme. Inaniuma kuandika kwamba urithi huo umechakaa kiasi kwamba abiria hawezi kuupangia tarehe. Na njia ya Sakania, iliyokuwa inawapeleka watu hadi Ndola na kusini zaidi, leo ni ya mizigo.

Hata hivyo treni inabaki kuwa chaguo la kweli kwa mtu mwenye magunia anayekwenda mahali ambapo barabara hukatika masika, kati ya Novemba na Aprili. Mtu wa Kamina au Kabalo mwenye mzigo mkubwa hana ndege ya kushindanisha. Kwake kusubiri ndiyo bei, na aihesabu kama bei: asiache kazi wala kuuza kitanda kabla ya kusikia kwa wafanyakazi wa stesheni wenyewe kwamba treni imeundwa na injini ipo. Akitaka kufika Tanzania kwa njia hiyo, Kalemie ina boti za kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, ambako reli ya kati imefika tangu 1914. Njia nyingine ya reli kwenda Dar es Salaam ni TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi, lakini kutoka Lubumbashi unafika Kapiri kwa basi, baada ya Kasumbalesa, kwa hiyo mpaka ule ule unaingia tena kwenye hesabu. Hakikisha treni ya abiria inatembea kabla ya kuondoka nyumbani.

Jambo moja sitalipima kwa bei. Machi 2022 treni ya mizigo iliyotoka Luena kuelekea Tenke ilianguka Buyofwe, na watu zaidi ya 60 walifariki, waliokuwa wamedandia mabehewa yasiyo ya abiria kwa sababu hawakuwa na usafiri mwingine. Treni ya mizigo usiipande, hata kama dereva amekubali na nauli ni ndogo. Subiri ya abiria, au panda gari la barabarani, hata likichukua siku mbili zaidi.